Mbao Tatu Mlangoni kwa Bibi

Juzi jirani yangu alimwaga kopo zima la sifa kichochoroni, chini kabisa ya dirisha langu. Sifa ni yale mafuta ya ini la papa ambayo vyombo vya baharini hupakwa ili visiliwe na wadudu, na uvundo wake ukishaingia nyumbani hautoki kwa kuombwa. Mkwe wangu alifunga madirisha, akachoma ubani chumba hadi chumba, akamtukana jirani kwa adabu zake zile zile. Mimi nikamwambia anifungulie dirisha langu. Akanitazama vile mtu anavyotazama maziwa yaliyoanza kuchachuka. Nyinyi wa rika langu mnaijua harufu ile, na mnajua kwamba hakuna mwenye akili timamu anayeitamani. Lakini mimi ikinifika puani kifua hulegea, nikahisi kama nimetuliwa mzigo. Miaka yote sikumweleza mtu sababu yake. Sasa wale ambao wangenicheka wote wameshatangulia, basi nitaeleza.

Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Malindi, ya mawe, yenye ghorofa moja juu. Mbele ilikuwa na baraza ambapo baba yangu na wenzake walikaa kila baada ya Laasiri, wakinywa kahawa na kuitengeneza dunia. Nyuma kulikuwa na ua: kisima, jiko, mpapai mmoja uliozaa ulipojisikia, kuku, na mlango mdogo wa kichochoroni. Kwa mlango huo wanawake walikuwa wakiingia kututembelea, wa mjini na wa upande wa Ng'ambo, bila ya kupita mbele ya macho ya wanaume. Dunia yote ya Bibi yangu ilikuwa ua ule. Bi Zuwena, mama yake Baba, alilala chumba cha chini ambacho mlango wake ulifungukia uani, na mimi nikilala naye. Kila alfajiri alitoka kwenda kutawadha kisimani, nami nikisikia ndoo ikigonga maji nilijua kwamba kila kitu kiko mahali pake, nikageukia upande wa pili.

Siku moja aliteleza kwenye jiwe la kisima, akaangukia nyonga. Mganga wa mifupa akaja akamfunga vipande vya mti, Bibi akakaa kitandani miezi. Nyonga iliunga, lakini mguu haukurudi kuwa ule. Chumbani, penye sakafu, aliweza kwenda kwa fimbo. Uani hakuweza, maana ardhi yetu ilikuwa mawe yaliyochomoza na udongo unaogeuka sabuni kwa mvua kidogo tu. Alijaribu mara mbili, na mara ya pili Mama alimdaka akiwa tayari anakwenda chini. Tokea hapo akawa analetewa maji ya kutawadhia kitandani, ndani ya bakuli, na kuku wake akawa anawasikia tu. Hakulalamika, ila aliacha kucheka, na kwangu mimi nyumba ilikuwa kama imezimwa taa.

Baba alikuwa mtu mwema, lakini wema wake ulikuwa na haraka. Akaamua mama yake apandishwe juu, chumba cha mbele, penye dirisha la kutazama njia.

"Mama, huko juu utapata hewa," alimwambia.

"Hewa nnayo."

"Hakuna tope."

"Wala hakuna kuku. Na Kidawa atapandaje ngazi zile na magoti yake? Mimi nikipanda huko kwa kubebwa, mwanangu, ntashuka kwa kubebwa."

Nilikuwa nimekaa miguuni pake. Nilijua kitu kimoja tu kinachoshuka ngazi kwa kubebwa, na nilikuwa nimekwisha kukiona.

Bi Kidawa huyo, shoga yake Bibi wa tangu utoto, ndiye aliyekuwa akiosha maiti wa kike mtaani kwetu. Miezi michache nyuma alikuwa amefariki bibi mmoja nyumba ya jirani, na mimi, kwa umbea niliozaliwa nao, nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Nilimwona Bi Kidawa akimpima marehemu kwa uzi mrefu wa ukindu, kutoka utosini hadi kisiginoni, akapiga fundo, na ukindu ule ukapelekwa kwa wachimba kaburi. Kisha niliona kitanda kilichotandikwa vijiti vyenye nafasi baina yake, na chini ya kitanda mfereji mwembamba uliochimbwa ardhini ili maji ya kuoshea yapite. Mfereji huo huitwa ufuo. Na kabla ya kuoshwa nilikuwa nimemwona marehemu akiteremshwa kutoka ghorofani, wanaume wamekiinamisha kitanda upande mmoja kwa sababu ngazi zao zilikuwa na kona. Hayo yalinikaa kichwani, na hakuna aliyejua kuwa yamo.

Bibi alikaa siku mbili akiwaza, siku ya tatu akamwita Baba.

"Nyinyi wanaume mna baraza yenu mbele, mnaikalia mpaka mawe yanang'ara. Nijengee na mimi yangu uani. Ya mbao. Ianzie hapa mlangoni, iwe sawa na kizingiti, nisiwe na pa kupanda wala pa kushuka. Ntatoka kwa mguu wangu."

"Mbao juu ya ardhi, Mama? Mchwa watatuombea dua."

"Mchwa waachie fundi."

Baba akafikiri, kisha akatoa sharti. Baraza ikiwa tayari kabla ya masika, Bibi atabaki chini. Mvua ikianza na baraza haijawa tayari, atapandishwa juu na maneno yataishia hapo. Bibi akakubali. Hesabu ilikuwa inambana, kwa sababu joto la kaskazi lilikuwa limeshaanza kuchoka.

Wakati huo pwani ya Funguni palikuwa na jahazi kuukuu lililovunjwa na watu wanagawana mbao zake. Baba akapata rundo la mbao za msaji, akahakikishiwa kwamba zinatosha baraza ya mtu mmoja na kubaki. Pamoja na mbao akaja Fundi Makame, mtu wa Makunduchi, mfupi na mpole, aliyeunda vyombo vya baharini maisha yake yote. Alikuwa hajawahi kujenga kitu cha kukaa mahali pamoja. Alisimama katikati ya ua, akaizungukia ardhi kwa macho muda mrefu, na swali lake la kwanza likawa maji yanatoka wapi yakija na yanakwenda wapi yakiondoka. Wanawake tulikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango wa Bibi, na Bibi akawa anaongoza kazi kutoka kitandani kwa sauti.

"Fundi Makame!"

"Naam, Bibi."

"Unafanyaje?"

"Ntapanga mawe, Bibi, juu ya mawe boriti za mikoko, juu ya boriti mbao. Mbao zisigusane, kidole kipite, maji yateremke. Na chini ntachimba mfereji uyachukue mpaka nje. Mbao haziharibiwi na maji yanayopita. Zinaharibiwa na yaliyokaa."

Alipochimba huo mfereji, Bi Kidawa aliinua pembe ya pazia, akautazama kwa jicho moja, akatoa hukumu. "Mwembamba huo, Fundi. Na mwinamo wake hautoshi. Mimi nimesimamia mingi." Fundi akaupanua bila ya kubisha. Nami nikasimama nyuma ya kanga ya Bi Kidawa nikiuangalia: mbao zitakazoachana, mfereji chini yake, na mwosha maiti akieleza kina.

Kilichomalizia ni kipimo. Bibi alitaka baraza ambayo ataweza kujinyoosha juu yake, na pabaki nafasi ya wageni wawili watatu. Fundi akasema basi iwe urefu wake mara moja na nusu, kila upande. Lakini Fundi hawezi kumpima mke wa mtu, hata kumwona hawezi. Kwa hivyo alichana ukindu mrefu, akampa Mama mlangoni, Mama akampa Bi Kidawa, kwani kwa kazi hiyo nani aliyekuwa na mkono uliozoea zaidi?

"Jinyooshe, Zuwena," akasema Bi Kidawa. Bibi akajinyoosha, akafumba macho. Sasa najua kwamba alikuwa akijizuia kucheka, maana alikuwa na mnyeo wa nyayo tangu ujana wake. Wakati ule niliona jambo moja tu: utosini, kisiginoni, fundo.

Niliogopa. Sitaki kulipamba neno hili. Nilikwenda nyuma ya mtungi wa jikoni nikakojoa pale pale nilipochutama, mimi niliyekwisha kung'oka meno ya mbele na kujiona mkubwa. Mtasema kwa nini sikuuliza. Je, nyinyi mliuliza? Wakati wetu mtoto aliyeingilia mambo ya wakubwa alijibiwa kwa kofi, na baada ya kofi hakupata jibu. Nilijua wakubwa wamekubaliana kuwa Bibi atakufa kabla ya masika, na kwamba Bibi mwenyewe amekubali. Hata siku ilikuwa imepangwa.

Adhana ya Adhuhuri ilipolia, Fundi alitundika ukindu kwenye msumari wa ukuta wa jiko, akaenda msikitini. Nikabaki mimi na ukindu ule. Nilifikiri kwa bidii, tena nilifikiri vizuri kuliko nilivyowahi kufikiri katika chuo cha Kurani. Kaburi huchimbwa kwa kipimo. Kipimo kikiwa cha Bibi, ataingia Bibi. Kisipokuwa cha mtu yeyote, hataingia mtu. Nikachukua ukindu mwingine kwenye fungu la Mama la kusukia mkeka, nikaunganisha, nikafungua fundo la Bi Kidawa, nikanyoosha mkono wangu kutoka begani hadi ncha ya kidole, nikaongeza mkono huo mzima juu ya urefu wa Bibi, nikapiga fundo jipya. Nikautundika tena na kwenda kula wali wangu. Nilikula vizuri sana.

Fundi aliporudi alishika ukindu, akaunyoosha. Akautazama. Akalitazama pazia. Akainamisha macho haraka, kama aliyekosea mlango. "Mashallah," akasema peke yake, taratibu, akaanza kupiga vigingi.

Angemwuliza nani, maskini? Mwanamume gani angesimama katika ua wa watu akauliza kama kweli mama mwenye nyumba ni mrefu kiasi hicho? Alikuwa hajamwona na hatamwona, alikuwa na sauti yake tu, na sauti ya Bibi yangu ilikuwa nzito, ikilingana kabisa na ukindu ule. Akajenga baraza ya mwanamke mrefu kuliko wanaume wote wa Malindi. Siku hadi siku nilimwona akipanga mawe mpaka karibu ya kisima, akilaza boriti, akipaka sifa kila mahali, juu na chini na ndani ya kila tundu la msumari. Uvundo ulipita nyumba nzima ukatokea mbele. Wenzake Baba walivumilia siku moja, ya pili wakahamia baraza ya jirani na birika lao la kahawa.

Bibi yeye alifurahi. Alikaa kitandani akiisikiliza nyundo, akahesabu misumari. Mimi nilikuwa nusu kwa nusu. Kitu kile kilikuwa kikubwa mno kwa kuoshea mtu mmoja, hilo lilinipa moyo, lakini mfereji ulikuwa bado upo chini. Kila nikiamka nilimwekea mkono puani kuona kama anavuta pumzi. Usiku mmoja aliamka akanikuta, akauliza nafanya nini, nikasema kuna nzi.

Fundi alipigilia mbao kuanzia upande wa kisima, akija nyumbani, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kuiziba sitaha. Ubao ukafuata ubao mpaka siku moja baada ya Laasiri rundo likaisha. Ilikuwa baraza nzuri, imenyooka, inang'aa kwa mafuta. Ila baina yake na mlango wa Bibi palikuwa na mwanya mpana wa mbao tatu, wenye boriti tupu, na chini yake mawe na mfereji. Mwenye miguu mizima angeruka. Bibi asingeweza hata kujaribu.

Baba akaitwa. Alisimama pale na wingu limeshafunika ua wote.

"Fundi, mbao hizi niliambiwa zitabaki."

"Nami niliambiwa hivyo, Bwana."

"Basi zimekwenda wapi?"

"Hazikwenda, Bwana. Umezikanyaga."

"Baraza ya mtu mmoja inafika kisimani? Kipimo ulikipata wapi?"

Fundi Makame akatazama vidole vyake vya miguu. "Ndani, Bwana."

Hata Baba hakuweza kuendelea. Mtu hawezi kusimama na mwanamume mwenzake akajadili urefu wa mama yake. Wakabaki wawili wale wamesimama, mmoja akidhani amedanganywa, mwingine akidhani ametukanwa, na hakuna aliyeweza kulisema neno lenyewe. Lile jahazi la Funguni lilikuwa limeshagawanywa lote, na mbao za kupasuliwa upya zingechukua siku nyingi. Matone ya kwanza yakaanza kugonga majani ya mpapai.

Baba akalisogelea pazia. "Mama, tulipeana ahadi. Kesho asubuhi ntaleta watu wakupandishe."

"Haya, mwanangu," akasema Bibi.

Kisha nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Bibi alilia, bila ya sauti, akajifuta kwa upindo wa kanga.

"Sikutaka makubwa, Kidawa," akamwambia shoga yake. "Nilitaka kutawadha kwa mkono wangu. Nikae na wewe pale, tuwarushie kuku mtama. Miaka yangu iliyobaki niimalizie uani kwangu. Basi."

Miaka. Neno hilo nililisikia vizuri. Anayeoshwa kesho hana miaka.

"Bibi," nikasema, "kwani baraza si ya kukuoshea?"

"Kuniosha nini?"

"Ukishakufa. Bi Kidawa kakupima. Na ufuo ule pale chini."

Bi Kidawa ndiye aliyevunjika mbavu kwanza. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akakaa chini na magoti yake mabovu, akaendelea kuchekea pale pale sakafuni. Mama alijifunika uso. Bibi hakucheka. Alinitazama tu, na mimi kwa kuwa mlango umeshafunguka nikatoa yote: msumari, ukindu wa mkeka, fundo, mkono wangu.

"Kwa nini ukakirefusha kipimo?" akauliza.

"Ili kisiwe chako."

Akanivuta ndani ya kanga yake, akanibana kifuani mpaka nikakosa pumzi, na nikasikia tumbo lake linatikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Nadhani alianza na moja akamalizia na jingine. Mimi nililia kwa sauti, kilio kikubwa cha mtoto aliyekwisha kumzika mtu kisha akarudishiwa. Sikumbuki kama nimewahi kupata raha kama ile tena, na nimeolewa, na nimezaa.

"Fundi Makame!" akaita Bibi, sauti yake nzito imerudi.

"Naam, Bibi!"

"Mimi si jitu. Kipimo kimechezewa na mjukuu wangu. Wewe huna kosa."

"Alhamdulillahi," akajibu Fundi. "Nilistahi kuuliza, Bibi. Nilikuwa nawaza na mlango wako unapitaje."

Tukasikia kicheko cha Baba, cha kwanza wiki hiyo. Lakini kicheko hakizibi mwanya, na mvua ilikuwa inaongeza. Bibi akaitazama ile nafasi kwa upenyo wa pazia. Kisha akamwambia Mama, "Hebu inama. Toa zile za chini ya kitanda."

Mama hakuinama. "Zile, Mama?"

"Zile."

Chini ya kitanda nilichokuwa nikilala kila siku, zimeviringishwa ndani ya mkeka, zilitoka mbao tatu za mvule, pana, nzito, zenye urefu wa mtu. Bibi alikuwa mwanamke wa kujiandaa. Sanda yake ilikuwa tayari ndani ya sanduku, imekunjwa na kafuri, na mbao zake za kiunza, zile zinazomfunika maiti kaburini kabla ya mchanga, alikuwa ameziweka karibu ili siku hiyo wanawe wasihangaike. Nilikuwa nimelala juu yake muda wote nikiogopa mbao za uani.

Baba alizijua mara tu zilipotokeza mlangoni. "Mama, mbao hizi ni za..."

"Najua ni za nini. Nimezilalia miaka. Acha sasa nizikanyage kidogo."

"Na siku yako ikifika?"

"Ikifika utakimbia mjini utafute nyengine. Wewe si unapenda haraka?"

Baba akageuza uso, akazipokea yeye mwenyewe moja moja, akampa Fundi. Hakumwita mtu kumsaidia. Fundi Makame alizipaka sifa juu na chini, akazipigilia kwenye boriti mbele ya mlango, mvua ikimchuruzika mgongoni. Mbao zilikuwa fupi kuliko za jahazi, pande mbili pakabaki wazi, lakini mlangoni palienea. Alipopiga msumari wa mwisho akakusanya zana zake, kwa kuwa Bibi asingeweza kutoka na mwanamume yumo. Kabla hajafunga mlango wa kichochoroni aliomba jambo moja tu: aruhusiwe kusimama pale nje asikilize. Chombo kikishushwa majini, alisema, fundi husikiliza mbao kwanza.

Pazia likavutwa. Bibi akasimama kizingitini na fimbo yake, Bi Kidawa huku, Mama kule, wote wawili wamekatazwa kumshika. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeushika upindo wa kanga, nalo hilo hakulijua, ama alijifanya halijui. Akaweka fimbo. Akaweka mguu. Ubao wa kwanza haukusema neno. Wa pili haukusema neno. Alipoukanyaga wa tatu, ukalia, kwa sauti nyembamba na ndefu.

"Bibi!" Fundi akapiga kelele kutoka kichochoroni, amelowa. "Wa tatu unalia! Kesho ntakuja kuupigilia!"

Bibi akasimama juu ya ubao ule, akauegemezea uzito wake wote. Ukalia tena.

"Usiuguse!" akajibu. "Ulikuwa unifunike uso, leo nimeukanyaga. Uwache ulie."

Akaenda mpaka kisimani, mvua inamnyeshea, maji yakipita baina ya mbao na kukimbia chini kwenye mfereji wa Bi Kidawa. Akateka ndoo mwenyewe. Alitawadha pole pole, kiungo kwa kiungo, akayaangalia maji yakienda. Aliporudi kulala kando yangu, nyayo zake zilikuwa zinanuka sifa mpaka Mama alisimama mlangoni akiziba pua. Mimi nilizikumbatia miguuni nikalala.

Baraza ile ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, kwa hivyo ilijaa. Wanawake wa mlango wa nyuma walikuja na mikeka yao, na Bi Kidawa akajichagulia pembe yake, akakataa kuiacha. Bibi aliishi mpaka aliniozesha, akaishi tena mpaka akampakata mwanangu wa kwanza, na siku yake ilipofika Baba alikimbia mjini kutafuta mbao, mzee na yeye, fimbo mkononi, kwa kuwa zile za Bibi tulikuwa bado tukizikanyaga.

Lakini kabla ya hapo, alfajiri zote zile, kwanza ulikuwa ukilia ubao wa tatu, kisha ndoo ikagonga maji. Ukilia, nilivuta shuka, nikageukia upande wa pili, nikalala tena.